Viroboto wa Sekunde na Pini

Kiroboto wa kwanza alionekana Jumanne, saa nne na dakika saba asubuhi, juu ya soksi ya kijivu, mguu wa kushoto. Dakika zinatajwa kwa sababu mwenye soksi alikuwa fundi saa, na mtu aliyetumia miaka arobaini na mmoja kuchungulia matumbo ya saa za watu hawezi kukwambia kwamba jambo limetokea "asubuhi asubuhi hivi." Huko alikotoka, mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo, hasa siku alizokuwa amemkasirikia.

Mzee Saa akainama, akakodoa macho. Kidudu cheusi, chembamba kana kwamba kimepigwa pasi, kilikuwa kinapanda soksi bila haraka. Alipopeleka kidole, kikaruka. Kikatua kwenye zulia la mkwewe, mke wa mwanawe, zulia la rangi ya maziwa ambalo mama wa watu alilifagia kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai, kikapotelea humo.

"Nimekwisha," Mzee Saa alisema peke yake.

Msimcheke bado. Miezi mitatu kabla ya hapo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Si sana, kiasi cha kumwaga chai kidogo kwenye kisahani. Lakini kwa fundi saa, kutetemeka kidogo na kukatwa mkono ni mamoja. Alipodondosha skrubu ya nne katika wiki moja, alifunga kibanda chake kilichokuwa chini ya ngazi za jengo kubwa, akajifungia chumbani akitazama ukuta, mpaka mwanawe alipokuja na pikapu ya kuazima na kumwambia, "Baba, panda." Akapanda. Alikuja na sanduku la zana, begi moja la nguo, na paka.

Paka alikuwa wa marehemu. Jike la kijivu, jembamba, lisilotulia mahali pamoja, na ndiyo maana marehemu alilipa jina la Sekunde. Mkewe alipofariki, Sekunde alikaa siku tisa juu ya mto wake bila kula vizuri, na Mzee Saa alikaa naye. Kwa hiyo asiambiwe na mtu kwamba huyu ni paka tu.

Mwanawe alikuwa fundi wa nguzo za umeme, mtu wa kwenda mbali wiki mbili na kurudi nyumbani siku tatu. Nyumba ikabaki ya watu wawili, Mzee Saa na mkwewe, na wote wawili walikuwa na adabu kupita kiasi. Mkwewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule palepale sebuleni. Alibisha hodi hata kwenye mlango uliokuwa wazi. Hakukaa kitini mpaka baba mkwe aonje chai. Mzee Saa naye alikohoa mara tatu kabla ya kuingia jikoni, na aliosha kikombe chake kwa siri, haraka haraka, asije akakutwa na kusababisha mabishano ya "Baba, acha, nitaosha mimi." Hawakuwahi kukosana hata kwa neno moja. Heshima tupu kutoka asubuhi mpaka jioni, na heshima tupu, jamani, inachosha.

Pamoja na hayo alipapenda. Kila siku saa nne aliipaka cherehani mafuta, akakaza mkanda, akasikiliza mlio wake na kusema, "Sasa inaimba." Mkwewe alikuwa akimsomea vipimo vya watoto wa shule, na walipofika kwa yule mwenye kiuno cha kumzidi mwalimu wake walicheka wote wawili, yeye akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mzee Saa alitaka kumalizia siku zake katika nyumba ile, karibu na mlio ule. Hilo hakumwambia mtu, hata mwanawe, maana mtu aliyekaribishwa hatangazi kwamba hataki kuondoka.

Sasa kiroboto.

Mkwewe alikuwa na paka wake, dume la rangi ya chungwa, na kwa sababu ya kucha zake aliitwa Pini. Wiki ya kwanza Pini na Sekunde walitukanana mchana kutwa. Wiki ya tatu walikutwa wamelala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, wamefumbatana kama mkasi uliofungwa, na tangu hapo kapu lile likawa lao. Mzee Saa akapiga hesabu yake. Nyumba hii inang'aa. Pini amelelewa kwenye sakafu inayopigwa deki mara mbili kwa siku. Sekunde ametoka kwenye kibanda cha chini ya ngazi, penye panya na vumbi la miaka. Nani kaleta viroboto? Hata mtoto angejibu.

Kumwambia mkwewe? Afadhali afe. Angeanzaje? "Mama, samahani, mimi na paka wangu tumekuletea wadudu"?

Alifunga mlango wa chumba chake, akambeba Sekunde mapajani, akabana jichoni kile kioo cha mafundi saa, akachukua kibano. Ajabu ni kwamba ile mikono iliyoshindwa na skrubu ikamudu viroboto. Labda aibu inatuliza mikono. Alimkamata mmoja nyuma ya sikio, wawili chini ya kidevu, wanne karibu na mkia, akawazamisha wote katika kikombe cha maji ya sabuni. Kati ya manyoya aliona pia punje nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Alipozipangusa kwa pamba iliyolowa, zikaacha doa jekundu. Akaelewa kwamba ile ilikuwa damu ya Sekunde, imepita matumboni mwa wadudu na kutoka. Moyo ukamuuma.

Jumanne iliyofuata, mkwewe alipotoka kupeleka sare shuleni, alimwogesha Sekunde katika beseni. Alipata mikwaruzo kumi na moja, lakini paka alitakata. Jumatano, kimya. Alhamisi, kimya. Mzee Saa akatembea kifua mbele. Jumamosi Sekunde alikaa katikati ya sebule, akainua mguu wa nyuma, akajikuna mpaka masikio yakacheza.

"Mbu wa mwaka huu wabaya," mkwewe alisema ghafla kutoka kwenye cherehani. Alikuwa ameinama anajikuna kifundo cha mguu, na alipoona baba mkwe anamtazama alijifanya anatafuta chaki.

"Wabaya sana," Mzee Saa alidakia. "Jana wamenila mpaka basi."

"Pole, Baba."

"Pole na wewe, mama."

Basi vita vya mbu vikaanza. Mkwewe alimnunulia baba mkwe chandarua kipya. Baba mkwe alimletea mkwewe dawa ya mbu ya kuchoma, pakiti tatu. Waliwasha moshi huku na huku hadi paka wakapiga chafya. Madirisha yalifungwa saa kumi na moja jioni. Mwana alipopiga simu na kuambiwa habari hizo, aliuliza, "Mbu gani? Si mliniambia huko hakujanyesha tangu niondoke?" Kila mmoja alimpa jibu lake na kila mmoja alikata simu mapema.

Mambo mengine yalikuwa wazi, laiti angeyaangalia. Kila Ijumaa Mzee Saa alikwenda zahanati kupima presha, na kila Ijumaa aliporudi alimkuta Pini juu ya kabati, amelowa chapachapa, amenuna. "Amejimwagia maji," mkwewe alisema Ijumaa ya kwanza. Ijumaa ya pili alisema amejimwagia tena. Fundi saa mzima, mwenye jicho la kuona jino lililokatika kwenye kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele, akaitikia "Aa, paka huyo" na kwenda kuvua viatu.

Zilipita wiki tano hivyo. Jumanne Sekunde anaogeshwa, Jumamosi anaanza kujikuna, na Mzee Saa anavaa soksi ndefu na suruali nzito kwenye joto ili miguu yake isionekane. Alichoka. Kilichomvunja nguvu, hata hivyo, kilitokea Jumatatu. Mama mmoja alikuja kumjaribishia mwanawe sare, na aliposimama pale kwenye zulia akaanza kujikuna, mguu kwa mguu. Alichukua sare haijatiwa vifungo, akasema atavitia mwenyewe, akaondoka. Mkwewe alibaki ameshika vifungo vinne kiganjani, uso umemshuka. Alipoinama kuviweka kwenye kopo, gauni lilipanda kidogo, na Mzee Saa aliona muundi wake: alama nyekundu, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye kifundo mpaka gotini.

Hapo akakata shauri. Kukaa na kumharibia binti wa watu mwili ni kosa. Kukaa na kumharibia na kazi, hapana. Na kumtoa Sekunde peke yake, kumtupa kwa watu asiowajua, hilo hakuliweka hata kwenye fikra. Wataondoka wote wawili.

Alimpigia simu rafiki yake wa miaka mingi, kinyozi, aliyekuwa na chumba nyuma ya saluni yake. Chumba chenyewe ni cha kuwekea viti vibovu.

"Njoo Alhamisi," kinyozi alisema. "Nitakifagia. Lakini kwani huko wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Wananipenda sana."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo," Mzee Saa alisema, akakata simu.

Alipanga nguo zake zote kwenye begi, akalisukuma chini ya kitanda. Lilibaki jambo moja. Asingempelekea kinyozi wadudu. Kwa hiyo kesho yake, Jumanne, mkwewe alipotoka na mfuko wake mkubwa wa sare, alimweka Sekunde ndani ya sanduku la zana, akaacha kifuniko kikiwa kimefunguka kidogo, akaenda duka la dawa za mifugo.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye koti jeupe, ambaye watu walimwita Daktari Kuku kwa sababu wengi walimwendea kwa ajili ya kuku. Kulikuwa na wateja wawili mbele. Mzee Saa akasimama, sanduku kifuani. Sanduku likalia "nyau."

Na mfuko uliokuwa mbele yake ukajibu.

Aliutazama mfuko. Aliujua ule mfuko, aliuona kila siku. Akamtazama aliyeushika, na aliyeushika akageuka. Alikuwa mkwewe. Juu ya sare tatu zilizokunjwa vizuri, kichwa cha rangi ya chungwa kilichomoza, kikamwona Sekunde, kikafurahi.

"Shikamoo, Baba," mkwewe alisema, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomjia.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Nimepita tu hapa."

"Na mimi nimepita tu."

"Nani anafuata?" Daktari Kuku aliita. Akanyoosha shingo juu ya kaunta. "Ah, mama Pini! Bado? Wiki iliyopita si nilikupa shampuu? Na wewe mzee, una nani humo? Weka hapa. Nyinyi mko pamoja?"

Waliweka sanduku na mfuko juu ya kaunta. Daktari Kuku aliwafunua paka wote wawili, akawapitishia kitana chenye meno ya karibu karibu, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Punje nyeusi zikaanguka kutoka kwa huyu, zikaanguka kutoka kwa yule, zikachanua wekundu kwenye karatasi. Paka wenyewe walikuwa wameanza kulambana.

"Hawa wanajuana," Daktari Kuku alisema. "Wanakaa nyumba moja?"

"Ndiyo," mkwewe alisema kwa sauti ndogo.

"Wanalala wapi?"

"Kapu moja," Mzee Saa alisema.

"Na mnawaogesha lini?"

"Ijumaa," alisema mkwewe.

"Jumanne," alisema Mzee Saa.

Daktari Kuku aliweka kitana chini, akawatazama mmoja mmoja, na aliyekuwa nyuma kwenye foleni akacheka bila kujizuia. "Yaani Jumanne mnamsafisha huyu, mnamrudisha kwenye kapu kwa mwenzake mwenye viroboto. Ijumaa mnamsafisha yule, mnamrudisha kwa huyu aliyekwisha kuambukizwa. Mmewapa viroboto zamu ya kuhama! Kiroboto hana shida, akiona huku kumechafuka anarukia jirani. Na hao mnaowaona juu ya paka ni wachache. Wanataga mayai kwenye manyoya, mayai yanateleza, yanadondoka popote paka alipolala. Kapu, zulia, kitanda. Yanaangua vifunza, vifunza vinajifungia kwenye vifuko vyao, vinangoja. Vikisikia joto na nyayo za mtu, vinatoka na njaa. Mnaishi nyumba moja, hamsemezani?"

"Tunasemezana," mkwewe alisema. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mnasemezana nini?"

Mzee Saa alikohoa. "Mbu," alisema.

Walipewa dawa ya matone, kila paka na yake kwa uzito wake, ya kudondoshewa nyuma ya shingo ambapo hawezi kulamba. Wote wawili siku moja, saa moja, kisha tena kila mwezi, miezi mitatu bila kuruka. Kila kitambaa nyumbani kifuliwe kwa maji ya moto. Sakafu na zulia vifagiliwe kila siku, taka zitupwe nje ya nyumba. "Na mtaona wengine wakitoka kwa wiki kadhaa, msikate tamaa. Hao ni wale waliokuwa wamejifungia," Daktari Kuku alimaliza. "Nendeni. Na muwe mnaambizana."

Walirudi kwa miguu, yeye na sanduku, mkwewe na mfuko. Mzee Saa alitamani barabara ipasuke immeze. Siri imetoka tena hadharani, mbele ya watu, na binti wa watu amechekwa kwa sababu ya paka wake. Kila hatua ilimthibitishia kwamba Alhamisi iko mbali mno. Kama ingewezekana angeondoka leo.

Nyumbani waliwadondoshea paka dawa. Yeye alishika, mkwewe akadondosha. Kisha mkwewe akafunga kitambaa kichwani, akabandika sufuria kubwa mbili za maji, akaanza kuibomoa nyumba. Kapu la vitambaa likatoka nje. Mapazia, foronya, mito ya viti, zulia la rangi ya maziwa, vyote uani.

"Baba, naomba shuka zako."

"Chumba changu nitafanya mwenyewe, mama. Usijisumbue."

Siku nyingine yoyote angesema "Haya, Baba" na kurudi nyuma hatua mbili. Leo hakusema. Labda ni kwa sababu alikwisha kuchekwa mbele ya watu na hakufa. Aliingia, akavuta shuka, akavuta chandarua, akapiga magoti kufagia chini ya kitanda. Fagio likagonga begi. Akalivuta, akalinyanyua, akaona jinsi lilivyo zito.

Alifungua zipu. Zote zilikuwamo. Mashati, suruali, koti la baridi lisilohitajika msimu ule, picha ya marehemu imefungwa ndani ya fulana, na juu kabisa bakuli la Sekunde.

"Baba," mkwewe alisema akiwa bado amepiga magoti. "Unakwenda wapi?"

Mzee Saa alisimama mlangoni. Alitafuta uongo wa adabu na hakuupata.

"Kwa kinyozi," alisema. "Alhamisi. Ana chumba. Nimekuletea wadudu, mama. Nimekuharibia miguu, sasa nakuharibia na wateja. Yule mama wa jana nilimwona. Paka ni wa marehemu, siwezi kumtupa. Kwa hiyo tutakwenda wote."

Mkwewe alianza kulia. Hakulia kwa adabu, kwa kuficha uso na upindo wa nguo. Alilia wazi, kamasi na yote, akimtazama.

"Si wewe," alisema. "Wewe hujaleta kitu. Pini alikuwa nao kabla hujaja. Nilijua. Mwanao aliponiambia unakuja nilimwogesha mara mbili, nikafua kila kitu, nikadhani wamekwisha. Ulipofika nikawaona tena. Nikasema, huyu baba atasema mwanangu kaoa mchafu. Halafu nikamwona Sekunde anajikuna. Paka wa Mama! Paka ambaye Mama alimwacha mikononi mwako, mimi nimempa viroboto. Nilikuwa silali, Baba. Kila Ijumaa namfungia Pini bafuni namwogesha huku nikisikiliza geti kama utarudi mapema."

"Kwa hiyo Pini hakujimwagia maji," Mzee Saa alisema polepole.

"Paka gani anajimwagia maji!"

Alipayuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitatu kumpandishia sauti baba mkwe wake, na wote wawili waliisikia. Mzee Saa alingoja moyo wake ukasirike, kama wakwe wanavyotakiwa kukasirika. Haukukasirika. Ulilegea tu, jinsi mtu anavyolegea akivua viatu vilivyombana siku nzima.

Mkwewe alijifuta uso kwa mkono. Akatoa ile picha, akaiweka mezani kwa uangalifu. Akatoa bakuli. Kisha akalibeba begi, zipu wazi, akapita nalo mbele ya mzee, akatoka uani, akalipindua juu ya beseni. Mashati, suruali, koti, soksi, vyote vikazama kwenye maji ya moto na sabuni.

"Mama! Hilo koti halifuliwi kwa maji moto!"

"Litafuliwa. Na hizo ulizovaa nazo, lete. Unadhani mayai yanachagua? Kuna bukta ya mwanao kwenye kamba ya ndani, vaa hiyo."

"Bukta? Mbele yako?"

"Baba, lete soksi."

Akaleta soksi. Alitoka ndani ya bukta ya mwanawe, fupi, yenye picha ya mpira pembeni, iliyomshinda kiuno hadi akaifunga kwa kipande cha utepe wa kushonea. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono imefunika magoti, ingawa ilichofunika ni kidogo tu. Miguu yake myembamba ilikuwa imejaa madoa kama karatasi ya Daktari Kuku. Mkwewe aliitazama. Akaacha kufua, akakaa ngazi ya chini, akavuta gauni mpaka gotini, akaweka mguu wake pembeni ya ule wa mzee.

"Wewe umeliwa zaidi," alisema baada ya kukagua.

"Mimi damu yangu nzee, tamu. Imekaa."

Hakuziba mdomo safari hii. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Mzee Saa akacheka kwa kumwona anacheka, na machozi yake, ambayo hayakutoka kwenye mazishi wala siku aliyofunga kibanda, yakamtoka akiwa ndani ya bukta ya mpira mbele ya mkwe wake, mchana kweupe.

Walifanya kazi mpaka kamba zote mbili zikajaa. Mkwewe alitundika zulia kwenye ukuta na kulipiga kwa mpini wa fagio. Mzee Saa alikamua alichoweza kukamua. Saa tisa na dakika ishirini simu yake ikalia. Kinyozi.

"Nimeshafagia," kinyozi alisema. "Viti nimevihamisha. Nimekupatia na godoro. Basi ni Alhamisi asubuhi au mchana?"

Mzee Saa alitazama kamba. Nguo zake zote zilikuwa juu, zinachuruzika, katikati ya mapazia na magauni ya mkwewe. Mpini wa fagio ulikuwa umetulia. Mkwewe amesimama nao mkononi, anasikiliza, na wala hajifichi kwamba anasikiliza.

"Siji, ndugu yangu," alisema.

"Vipi tena? Unaumwa?"

"Siumwi. Tuna viroboto."

"Nani ana viroboto?"

"Sisi," Mzee Saa alisema, kwa sauti iliyovuka ukuta mpaka kwa jirani. "Mimi na binti yangu."

Mkwewe akageukia zulia, akampa mgongo, akaanza tena kulipiga, kwa nguvu zaidi.